Safu Mbili za Takwimu: Tunavyosoma Kinyume Matokeo ya Shule ya Msingi ya Marekani

Mzazi anayehamia mji mpya nchini Marekani, kabla hajatia saini mkataba wa nyumba, hutafuta kwanza taarifa za shule ya msingi ya umma inayohudumia mtaa ule. Atakachokuta karibu kila mahali ni safu mbili za takwimu zilizowekwa bega kwa bega. Safu ya kwanza inaonyesha asilimia ya wanafunzi waliofikia kiwango kinachotakiwa katika kusoma na hesabu. Ya pili inaonyesha wanafunzi hao ni akina nani: rangi na asili yao, wangapi wanatoka familia za kipato cha chini, wangapi bado wanajifunza Kiingereza, wangapi wana mahitaji maalumu. Asilimia ya ufaulu ndiyo inayotoa hukumu, kwamba shule hii ni nzuri na ile ni mbaya. Safu ya pili huchukuliwa kuwa maelezo ya ziada tu, ingawa, tuseme ukweli, wapo wanaoisoma kwa makini kuliko wanavyokuwa tayari kukiri.

Hoja yangu ni kwamba safu hizo mbili husomwa kinyume. Asilimia ya ufaulu, ambayo watu huichukua kuwa kipimo cha kazi ya walimu, kwa sehemu kubwa ni taarifa ya nani ameingia darasani na alikuja na nini kutoka nyumbani. Na safu ya pili, ambayo ndiyo ingepaswa kutueleza nani ameingia, imejaa makundi yaliyoundwa na sheria na kanuni, hivyo kwamba tarakimu zake zinaweza kubadilika mwaka hadi mwaka bila mtoto hata mmoja kuhama wala kuhamia.

Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo ina umri mkubwa. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 iliagiza ufanyike uchunguzi wa kitaifa kuhusu usawa wa fursa za elimu, na kazi hiyo ikaongozwa na mwanasosholojia James Coleman. Ripoti yake, iliyotoka mwaka 1966, ilitokana na taarifa za wanafunzi zaidi ya 600,000. Wengi walitarajia ithibitishe kwamba pengo la alama kati ya watoto weusi na weupe linatokana na majengo mabovu, maktaba tupu na maabara zisizo na vifaa. Coleman alikuta jambo jingine: tofauti za vifaa baina ya shule zilieleza sehemu ndogo tu ya tofauti za alama, na usuli wa familia ulieleza sehemu kubwa zaidi. Baada ya familia, kilichokuwa na uzito kwa mtoto ni wanafunzi wenzake, yaani aina ya familia walizotoka watoto wanaoketi naye darasa moja.

Nusu ya kwanza ya matokeo hayo imenukuliwa mno, mara nyingi na watu wanaotafuta sababu ya kutotumia fedha shuleni. Nusu ya pili imeachwa vumbini, ilhali ndiyo inayouma zaidi, kwa kuwa inasema mgawanyo wa wanafunzi wenyewe ni sehemu ya elimu wanayopata. Kesi maarufu ya Brown, iliyopinga kuwatenga watoto shuleni kwa rangi na kuamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 1954, ilikuwa imeligusa jambo hilo kabla ya takwimu za Coleman. Mahakama ya chini kule Kansas ilikwisha kuona kwamba shule za weupe na za weusi mjini Topeka zililingana kwa kiasi kikubwa katika majengo, mitaala na sifa za walimu. Kilicholalamikiwa hakikuwa ubora wa Shule ya Msingi ya Monroe, alikosoma Linda Brown. Kilicholalamikiwa ni kwamba Shule ya Msingi ya Sumner ilikuwa karibu zaidi na kwao, na mlango wake ulifungwa kwa ajili ya rangi yake. Laiti kesi hiyo ingehukumiwa kwa kuzilinganisha shule hizo mbili kama shule tu, familia ya Brown isingekuwa na la kudai.

Hata hivyo, kwa miongo kadhaa baada ya hapo, wazazi wengi hawakuwa na takwimu za kulinganisha makundi ndani ya shule moja. Zilikuja na sheria iliyotiwa saini na Rais George W. Bush Januari 2002, ile iliyoahidi kwamba hakuna mtoto atakayeachwa nyuma. Iliagiza kila jimbo liwapime watoto kusoma na hesabu kila mwaka kuanzia darasa la 3 hadi la 8, na matokeo yatangazwe kwa makundi: rangi, kipato, lugha, ulemavu. Lengo lake la kutaka kila mtoto afikie kiwango kufikia mwaka 2014 lilikuwa ndoto ya mchana, na sheria iliyochukua nafasi yake mwaka 2015 ikalizika. Lakini penye sifa tusifie. Kabla ya sheria ile, shule yenye wastani mzuri iliweza kuficha nyuma ya wastani huo watoto kumi na watano wenye ulemavu ambao hakuna aliyekuwa anahangaika kuwafundisha kusoma. Kutenganisha makundi kuliwatoa watoto hao gizani, na sijaona hoja yoyote dhidi ya mitihani inayofidia faida hiyo.

Tatizo ni namna ufaulu wenyewe unavyohesabiwa. Asilimia ya waliofikia kiwango inamhesabu mtoto kwa ndiyo au hapana. Tuchukue darasa moja na tuwaangalie watoto wawili tu, huku mstari wa kufaulu ukiwa alama 50. Mmoja alianza mwaka akiwa na alama 10, hajui kuunganisha herufi, na mwalimu akamfikisha 40. Mwingine alikuwa na 49 akafika 51. Katika taarifa ya shule, mtoto wa kwanza hakufanya lolote na wa pili ameleta ushindi. Mwalimu mkuu anayebanwa na tarakimu hahitaji kuambiwa mara mbili wapi apeleke mwalimu wa ziada. Ataketi na orodha ya majina mezani na kupaka rangi wale walio karibu na mstari, wale wanaohitaji kusukumwa kidogo tu. Walio mbali chini hawatabadilisha chochote kwenye taarifa, na walio juu wamekwishavuka. Si kwamba ana roho mbaya. Ni kipimo ndicho kinachomwelekeza huko.

Mstari wenyewe pia si mmoja nchi nzima. Kila jimbo hujiwekea wake, na majimbo mengi yameuweka chini ya kiwango cha umahiri cha mtihani wa kitaifa wa sampuli unaojulikana kwa kifupi NAEP. Kwa hiyo mtoto anaweza kuwa amefaulu katika jimbo moja na, bila kubadilisha hata herufi moja ya majibu yake, akawa ameanguka baada ya kuvuka mpaka wa jimbo. Katika mtihani huo wa kitaifa wa mwaka 2024, asilimia 31 tu ya wanafunzi wa darasa la 4 walifikia umahiri katika kusoma, na asilimia 40 walikuwa chini hata ya kiwango cha msingi. Umahiri wa NAEP, ikumbukwe, ni lengo la juu na haumaanishi kiwango cha kawaida cha darasa husika, jambo ambalo vichwa vya habari hulisahau kila matokeo yanapotoka. Ile asilimia 40 ndiyo inayonitisha mimi.

Sasa tuziweke safu mbili pamoja, maana hapo ndipo udanganyifu mkubwa zaidi unapojificha, tena bila mtu yeyote kudanganya. Tuchukue shule ya kubuni yenye watahiniwa 100. Mwaka wa kwanza, 80 wanatoka familia zenye uwezo na 20 familia za kipato cha chini. Katika wale 80, asilimia 75 wanafaulu, yaani 60. Katika wale 20, asilimia 40 wanafaulu, yaani 8. Jumla ni 68. Miaka mitano baadaye mtaa umebadilika, na sasa ni 50 kwa 50. Walimu wamefanya kazi: wenye uwezo wanafaulu kwa asilimia 80, yaani 40 kati ya 50, na wa kipato cha chini kwa asilimia 48, yaani 24 kati ya 50. Jumla ni 64. Kila kundi limepanda, na kundi lililokuwa nyuma limepanda zaidi ya jingine, lakini shule imeshuka kwa pointi nne. Mzazi anayesoma safu ya kwanza peke yake atasema shule hii inaharibika. Diwani atauliza ni nani awajibishwe. Na mwenye nyumba mtaani ataanza kufikiria kuuza.

Tanbihi ndogo kabla ya kuendelea: katika shule nyingi za msingi darasa zima lina watoto hamsini au sitini. Hapo mtoto mmoja ni karibu asilimia mbili. Homa ikipita wiki ya mtihani, au familia tatu zikihama, asilimia itacheza kiasi ambacho magazeti yataita mwelekeo.

Turudi kwenye safu ya pili, ile ya wanafunzi ni akina nani. Umaskini, kwa miaka mingi, umepimwa shuleni kwa sahani ya chakula. Mpango wa kitaifa wa chakula cha mchana, uliowekwa kwa sheria mwaka 1946, unampa mtoto chakula bila malipo iwapo kipato cha familia hakizidi asilimia 130 ya mstari rasmi wa umaskini, na kwa bei iliyopunguzwa iwapo hakizidi asilimia 185. Watafiti na waandishi wakaichukua idadi ya wanaokula bure kuwa ndiyo idadi ya maskini. Hapo pana kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba mtoto ambaye kwao hakuna mwenye kazi kwa miaka minane mfululizo na mtoto ambaye baba yake alipunguzwa kazini mwaka jana wanaingia katika hesabu moja. Watafiti Katherine Michelmore na Susan Dynarski walipofuatilia watoto wa Michigan, walikuta kwamba ingawa karibu nusu ya wanafunzi wa darasa la 8 walistahili chakula cha ruzuku mwaka ule, asilimia 14 tu ndio waliokistahili kila mwaka tangu shule ya awali. Hao asilimia 14 walikuwa nyuma sana kuliko wastani wa kundi lao ulivyoonyesha. Kipimo cha sahani kilikuwa kinawaficha maskini wa kudumu katikati ya maskini wa kupita.

Kasoro ya pili imeingia kwa mlango wa wema. Sheria ya mwaka 2010 iliruhusu shule zilizo katika maeneo yenye umaskini mwingi kuwalisha watoto wote bure bila kujaza fomu, na tangu mwaka wa masomo 2014–15 utaratibu huo ukafunguliwa nchi nzima. Mwanzoni shule ilihitaji kuwa na asilimia 40 ya watoto waliothibitishwa kupitia misaada mingine ya serikali; mwaka 2023 kiwango hicho kikashushwa hadi asilimia 25. Kuwalisha watoto wote ni jambo jema, na aibu ya kusimama kwenye foleni ya maskini imeondoka. Lakini shule iliyokuwa na asilimia 60 ya watoto wa kipato cha chini huweza siku hizi kuandikwa kuwa na asilimia 100. Mtu anayelinganisha takwimu za mwaka 2012 na za leo ataapa kwamba mtaa umefukarika ghafla, na huenda akashangaa kwamba ufaulu haukuporomoka pamoja nao. Hakuna kilichofukarika, fomu ndiyo iliyoondolewa.

Kundi la wanaojifunza Kiingereza lina hila yake. Mtoto huwekwa humo kwa sababu Kiingereza chake hakijatosha, na hutolewa humo punde kinapotosha. Maana yake ni kwamba kundi linapoteza wanafunzi wake bora kila mwaka na kupokea wapya wasiojua neno, kama darasa ambalo kila anayefaulu anafutwa kwenye daftari la mahudhurio. Kulilaumu kundi hilo kwa kuwa na alama za chini ni sawa na kulaumu wodi kwa kuwa na wagonjwa. Sheria ya 2015 iliona kasoro hiyo na kuruhusu wanafunzi waliokwishatoka waendelee kuhesabiwa pamoja na kundi hadi miaka minne, ingawa jambo hilo nalo linaufanya mstari mmoja wa takwimu ubebe watu wawili wasiofanana.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kusimama kidogo, kwa kuwa miongoni mwa watoto hao wapo wanaozungumza Kiswahili nyumbani. Wengi wanatoka familia za Wakongo waliokaa miaka mingi katika kambi kama Nyarugusu, mkoani Kigoma, kabla ya kupelekwa Marekani kama wakimbizi. Mfikirie mmoja wao, mwenye umri wa miaka tisa, akiwekwa darasa la 3. Sheria inaruhusu jimbo limsamehe mtihani wa kusoma mara moja katika miezi 12 ya mwanzo, lakini hesabu ataifanya. Anapewa swali kuhusu mchezo wa besiboli, likieleza pointi zilizopatikana katika vipindi tisa na kutaka wastani wake. Kugawanya anajua, alikuwa akigawanya maembe na wadogo zake. Hajui kipindi cha besiboli ni kitu gani, wala hajui kwamba hahitaji kukijua. Anaacha nafasi wazi. Katika taarifa ya shule, nafasi hiyo wazi itahesabiwa katika kundi la wanaojifunza Kiingereza, katika kundi la watoto weusi, katika kundi la kipato cha chini na katika jumla ya shule: mtoto mmoja, swali moja, mistari minne. Na katika mstari wa watoto weusi atachanganywa na mtoto ambaye wazazi, babu na mababu wa babu zake walizaliwa Georgia au Alabama, kana kwamba historia zao na mahitaji yao ni mamoja.

Kuna njia bora ya kupima, nayo ni kuangalia mtoto amesogea umbali gani badala ya kuangalia amesimama wapi. Sean Reardon wa Chuo Kikuu cha Stanford alitumia matokeo ya wilaya za shule karibu nchi nzima kulinganisha kusogea huko. Mwaka 2017 ilichapishwa kazi yake kuhusu Chicago, mji ambao shule zake zilikuwa zimetajwa kwa miongo kadhaa kuwa mfano wa kushindwa. Ilionyesha kwamba kati ya darasa la 3 na la 8 watoto wa Chicago walikuwa wakijifunza mambo ya miaka sita kwa muda wa miaka mitano. Walianza chini, ndiyo maana wastani wao ulibaki chini. Lakini kazi iliyofanywa na shule ilizidi ile ya wilaya nyingi tajiri zilizokuwa zikisifiwa.

Mimi mwenyewe nilikuwa nikidhani kipimo cha kusogea kinamaliza mjadala. Sasa nadhani hakimalizi. Mtoto aliyesogea haraka lakini anamaliza darasa la 5 hawezi kusoma ukurasa wa sayansi bado hawezi kusoma ukurasa wa sayansi, na shule ya sekondari haitampokea kwa kasi yake. Umbali na mahali vyote vinahitajika. Aidha, kuna hatari kwamba hoja ya usuli wa familia igeuzwe kichaka cha kujificha: watoto wetu ni maskini, mlitarajia nini?

Kwa swali hilo jibu zuri limetoka mahali ambapo wengi hawakulitarajia. Mississippi ni moja ya majimbo maskini kuliko yote Marekani, na mwaka 2013 darasa lake la 4 lilikuwa karibu na mkia wa nchi katika kusoma. Mwaka huohuo jimbo lilipitisha sheria iliyobadilisha mafunzo ya walimu ili yasisitize uhusiano wa herufi na sauti, ikapeleka wakufunzi wa kusoma kukaa na walimu katika shule zilizo nyuma, na ikaagiza mtoto asiyejua kusoma mwisho wa darasa la 3 akariri darasa hilo. Kufikia mwaka 2019 watoto wa Mississippi walikuwa wamefikia wastani wa nchi, na mwaka 2024 wakauzidi. Wakosoaji wanasema kukariri kunachuja wanaoingia darasa la 4, na hoja yao ina nguvu kwa sababu ileile niliyoisema tangu mwanzo: ukibadilisha aliyeingia darasani, umebadilisha asilimia. Lakini waliokariri hawakutoweka. Waliingia darasa la 4 mwaka uliofuata, wakapimwa, na sehemu kubwa ya umaskini wa jimbo ikabaki palepale. Naamini uchujaji unaeleza sehemu ya mafanikio hayo na ufundishaji unaeleza sehemu nyingine ambayo si ndogo. Kule Tennessee jaribio lililoanza mwaka 1985, likahusisha shule 79 na watoto zaidi ya 11,000, lilikwisha kuonyesha kwamba darasa la watoto 13 hadi 17 linawafaa kuliko la 22 hadi 25, na kwamba watoto weusi ndio walionufaika zaidi. Shule inaweza kubadilisha mambo, ila mabadiliko hayo ni vigumu kuyaona kwenye asilimia inayobandikwa mlangoni.

Asilimia hiyo haiishii mlangoni, kwa kuwa mtoto hupangiwa shule kwa anwani ya nyumba, na sehemu ya fedha za shule hutoka kwenye kodi ya majengo ya eneo husika. Mwaka 1973, katika kesi iliyotoka San Antonio, Mahakama ya Juu ilikataa kuona kosa la kikatiba katika mfumo uliozipa shule za wilaya maskini ya Edgewood dola 356 kwa mwanafunzi wakati wilaya tajiri ya Alamo Heights, katika eneo lilelile la San Antonio, ikitumia dola 594. Mwaka 1999 mchumi Sandra Black alichapisha utafiti wa vitongoji vya Boston, akilinganisha nyumba zilizopakana, zile zilizo upande huu na upande ule wa mstari unaogawa maeneo ya shule za msingi. Mtaa ni uleule, lakini alama za mtihani zikizidi kwa asilimia 5 upande mmoja, wazazi walikuwa tayari kulipa asilimia 2.5 zaidi kwa nyumba ya upande huo. Anayeweza kulipa nyongeza hiyo anavuka barabara na kumwandikisha mtoto wake, ambaye huenda alikuwa akijua kusoma kabla hajafika. Asiyeweza anabaki ng'ambo ya pili. Matokeo ya mwaka unaofuata yakitoka, shule ya upande ghali itakuwa imepanda tena, na dalali atayaweka kwenye tangazo la nyumba inayofuata.